Lubumbashi haikuuliwa na pilaji ya 1991

Ndugu zetu wenye walihamia Ubeleji wanapenda kusema Lubumbashi ilikufa siku ya pilaji (ule uporaji mkubwa) ya 1991, eti mbele ya pale kila kitu kilikuwa sawa. Hapana jamani. Pilaji iliumiza sana, kweli, lakini mji ulikuwa unakula kwa Gécamines (kampuni ya serikali ya kuchimba shaba): mshahara, hospitali, masomo ya watoto, mpaka mfuko wa unga wa posho, na mgodi wake wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka Septemba 1990, mwaka mzima mbele! Katikati ya miaka ya 80 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, 1994 haikufika hata 50,000. Pesa zilikuwa zinaliwa na serikali, mashine zinazeeka. Naelewa uchungu wao, waliondoka wakati wa fujo, ila wenye tulibaki tunajua posho ilianza kupungua zamani.