Acheni Kung'oa Mimea Tangulizi

Karibu kila anayeniomba ushauri wa kurudisha uoto kwenye ardhi tupu huniuliza: “Haya magugu tuyang'oe lini?” Nimelisikia swali hilo mno, basi nalijibu hapa, pamoja na dhana nyingine potofu.

Dhana: Mimea inayoota kwanza ni magugu, ing'olewe ili miti ipate nafasi.

Ukiing'oa, miti ndiyo itakayoumia. Kwenye ardhi tupu jua huunguza miche kabla mizizi haijashuka, na mvua huondoka na udongo kidogo uliopo. Mimea tangulizi, yaani hiyo inayoota kwanza, hutia kivuli, hunasa vumbi na mbegu zinazopeperushwa na upepo, na ikifa huacha mboji. Nyingine huleta naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea huhitaji ili ikue. Volkano ya Mount St. Helens, Marekani, ilipolipuka mwaka 1980, iliacha uwanda wa mawe mepesi usio na naitrojeni ya kutosha. Miongoni mwa mimea ya kwanza kushika pale ilikuwa lupini, ya jamii ya kunde, ambayo bakteria wa kwenye vifundo vya mizizi yake hutwaa naitrojeni ya hewani. Huko Glacier Bay, Alaska, barafu iliporudi nyuma, miti ya alda ilifanya kazi hiyo hiyo kabla ya misprusi, miti ya jamii ya misonobari, kutawala. Halafu mtu anakuja na jembe! Tafadhali, usipalilie eneo zima. Fyeka duara dogo tu la kuuzunguka mche, na majani uyalaze hapo hapo. Ninachokubali king'olewe ni spishi vamizi za kigeni, tena baada ya kuzitambua kwa jina.

Dhana: Bila likeni (kuvu na mwani walioungana kuwa kiumbe kimoja) kutangulia, hakuna kinachoota.

Kwenye mwamba mgumu mara nyingi likeni hutangulia, lakini si sharti. Kisiwa cha Surtsey, Aisilandi, kiliibuka baharini mwaka 1963. Mwaka 1965 mmea wa jamii ya kabichi uliota ufukweni. Likeni zilionekana mwaka 1970.

Dhana: Tangulizi zikipungua, ardhi inaharibika tena.

Nyingi hupenda jua kamili. Zikizidiwa na kivuli cha mimea iliyofuata, kazi inaendelea vizuri.

Dhana: Mwisho wa yote ni msitu.

Si kila mahali. Penye mvua haba au moto wa mara kwa mara, nyasi zinaweza kudumu, na kulazimisha miti hapo ni kuharibu uoto wenye haki yake.