Oili nzito haifupishi cheni ya taimingi
Kwenye gereji nyingi za Tabora inaaminika kwamba cheni ya taimingi (inayofanya valvu zifunguke kwa wakati) ikilia kwenye injini ya dizeli, dawa ni oili nzito. Wakati mwingine kelele hupungua kweli, ndiyo maana imani imedumu. Ila tensheni (kifaa kinachokaza cheni) nyingi husukumwa na presha ya oili, na injini ikiwa ya baridi oili nzito huchelewa kuzifikia. Cheni iliyolika pini hurefuka, na oili haiifupishi.

Pima oili kwanza. Alfajiri, mtu awashe gari, nawe gusisha bisibisi ndefu kwenye kava ya cheni, mpini sikioni (chunga feni!). Mkwaruzo wa sekunde chache kisha kimya: shuku tensheni. Mlio ukizidi bisibisi ikigusa nozeli (zinazopuliza dizeli), huenda cheni haina kosa.