Intaneti ya waya, waifai ya nyumbani, na swali la waya uishie wapi

Wateja wengi hapa Dar es Salaam hunipigia simu wakiwa na lalamiko moja: wamelipia intaneti ya faiba, sebuleni inakwenda vizuri, lakini ukifika chumba cha nyuma picha inaganda na maongezi ya video yanakatikakatika. Karibu wote huwa wamekwisha kuamua dawa yake kabla sijafika, nayo ni kupandisha kifurushi. Mimi ni fundi wa mitandao, na kazi ya kuingiza intaneti majumbani nimeifanya Tabata, Sinza, Mbezi na Kigamboni kwa miaka mingi. Ninalolisema kwa uhakika ni kwamba mara nyingi kifurushi hakina kosa lolote. Kosa lipo pale waya ulipoishia. Aliyefunga faiba alitoboa ukuta wa kwanza aliokutana nao, akaacha kisanduku cha faiba na ruta, kile kifaa kinachogawa waifai, nyuma ya televisheni, na tangu siku hiyo nyumba nzima inategemea mawimbi yatoke kwenye kona ile na kuvuka kuta nne mpaka jikoni.

Kwa kawaida kampuni ya intaneti humpa mteja wa nyumbani anwani moja tu ya kutokea nje. Simu tano, televisheni, kompyuta mpakato ya mtoto wa chuo na kamera ya getini vyote vinatoka kwa anwani hiyo moja, kama vile shule nzima ya bweni inavyotumia Sanduku la Posta moja. Barua zote hufika S.L.P. ya shule, na karani ndiye ajuaye ipi ni ya nani. Ruta ndiyo karani huyo. Kila kifaa kinachojiunga hupewa na ruta anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, kisha ruta huweka kumbukumbu ya kifaa kipi kimeomba nini, ili jibu likirudi likabidhiwe kwa mwenyewe. Utaratibu wa kugawa anwani hizo za ndani unaitwa DHCP, nami nautaja kwa jina kwa sababu utakutana nao kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, na ukiachwa uendeshwe na ruta mbili katika nyumba moja huzua vurugu.

Nyuma ya ruta kuna tundu lililoandikwa WAN, mara nyingi la rangi ya peke yake, na mengine kadhaa yaliyoandikwa LAN. Waya unaoleta intaneti huingia WAN. Vifaa vya ndani huchomekwa LAN. Jambo hili linaonekana dogo, lakini niliwahi kuitwa kwenye ghorofa la kupanga huko Kinondoni, ambako mwenye jengo alikuwa amevuta kebo kutoka kwenye swichi ya mtandao ya chini, kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha nyaya zote, hadi kila nyumba, na wapangaji wote walikuwa hawana intaneti tangu jioni iliyotangulia. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kampuni imewakatia. Nilipochomeka kompyuta yangu kwenye swichi, nilipewa anwani ya 192.168.0 ilhali mtandao wa jengo lile ulitumia anwani zinazoanza na 10. Tulipanda mlango kwa mlango hadi tukaikuta ruta mpya, bado imevaa nailoni yake, na waya wa ukutani umechomekwa kwenye LAN. Ruta ile ilikuwa ikiwahi kujibu maombi ya majirani kabla ya ruta ya jengo, ikiwapa anwani zisizo na njia ya kutokea. Kuhamisha plagi kwa sentimita mbili kuliwarudishia watu wa ghorofa tatu intaneti yao.

Asiye na ruta kabisa, ila ana waya na kompyuta, anaweza kuifanya kompyuta iwe karani kwa muda. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kugawa intaneti kwa waifai katika mipangilio ya mtandao, na inapokea hadi vifaa 8. Kompyuta za Mac nazo zinaweza kupokea kwa waya na kugawa kwa waifai. Nasema kwa muda kwa sababu kompyuta ikilala, nyumba nzima inalala nayo.

Sasa nije kwenye kuta, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile zinazochorwa kwenye makasha ya ruta. Kasha likisema kifaa kinafika mita kadhaa, aghalabu hesabu hiyo haikuzingatia nyumba ya matofali ya saruji yaliyopigwa plasta pande zote mbili, yenye linta na nguzo za zege zilizojaa nondo, milango ya chuma, na madirisha yenye nondo. Waifai husafiri katika masafa makuu mawili. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni membamba na yamejaa: chaneli, yaani vinjia vilivyomo ndani ya masafa, zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na katika mitaa ya Sinza au Kijitonyama si ajabu simu yako kuona ruta ishirini za majirani zikigombania hizo tatu. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi kubwa, lakini ukuta mmoja wa tofali huyapunguzia nguvu sana, na wa pili huyaacha hoi. Maji nayo humeza mawimbi haya, kwa hiyo simtanki iliyojaa, ikisimama kati ya ruta na chumba cha uani, ni kizuizi kama ukuta. Kioo kikubwa cha kabati ni vilevile, kwa kuwa nyuma yake kuna utando wa madini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu. Kwenye waya wa mtandao pande mbili husema na kusikia kwa wakati mmoja, lakini hewani vifaa vinavyotumia chaneli moja husema kwa zamu. Kifaa kilicho mbali, chenye mawimbi dhaifu, husema polepole, na wakati kinaposema wengine wote wanasubiri. Ndiyo maana simu moja iliyo jikoni, ikihangaika kupakua video, inaweza kuwaharibia hata walio sebuleni karibu kabisa na ruta.

Nyumba iliyonifundisha kulieleza jambo hili vizuri ipo Tabata. Mama mwenye nyumba alinipokea, nikamwamkia, akaitikia marahaba na papo hapo akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, mimi nimechoka kulipia kitu ambacho mjukuu wangu hakioni. Anasomea koridoni, kompyuta juu ya ndoo." Kifurushi chao kilikuwa cha megabiti 50 kwa sekunde. Sebuleni nilipima nikapata 48. Chumba cha mjukuu, mwisho wa korido kuelekea uani, nilipata 3, na nikipima tena napata 1. Katika chumba kile kulikuwa na kirudishi, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea waifai na kuirusha tena, alichonunuliwa Kariakoo, na simu ilionyesha pau zote za waifai zimejaa.

Pau zile zilikuwa zinawadanganya. Zilionyesha ukaribu wa simu na kirudishi, si ukaribu wa kirudishi na ruta. Kirudishi kilichowekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kuchoka hakina cha kurudisha isipokuwa uchovu huohuo. Hata kikiwekwa katikati ya njia, panapostahili, kirudishi cha redio moja hupokea na kutuma kwa chaneli ileile, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili hewani na kasi hushuka kwa nusu au zaidi. Sikikatai kabisa, kwa nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki utoboe ukuta, kinaweza kukusaidia. Lakini mama yule alikuwa mwenye nyumba, na dari yake ilikuwa na nafasi ya kupitisha kebo.

Kwa hiyo tulivuta waya. Kutoka kwenye ruta ya sebuleni, kupanda darini, kufuata korido, hadi chumba cha nyuma ilikuwa mita 22, na kebo ya mtandao inaruhusiwa kufika mita 100. Mwishoni mwake tuliweka ruta ya pili, ya zamani, waliyokuwa nayo kabatini. Ruta ya pili haipaswi kuwa karani. Inatakiwa iwe mdomo wa waifai tu. Ikiwa orodha yake ina hali ya AP, yaani ya kutoa waifai tu bila kugawa anwani, ichague na kazi imekwisha. Kama haina, zima DHCP yake, ibadilishie anwani isigongane na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya sebuleni ni 192.168.1.1, kisha waya unaotoka sebuleni uuchomeke kwenye tundu la LAN, siyo WAN. Jina la waifai na neno la siri nililifanya lilelile kwa ruta zote mbili, ili simu ihame yenyewe mtu akitembea, lakini chaneli za 2.4 niliziweka tofauti, 1 mbele na 11 nyuma.

Naomba nikae kidogo kwenye ile kebo, kwa sababu nimerudia kazi za mafundi wenzangu mara nyingi kwa ajili yake. Ndani kuna nyaya 8 zilizosokotwa jozi nne, na msokoto huo ndio kinga yake: kelele inayoingia kwenye waya mmoja huingia sawasawa kwenye mwenzake, na upande wa pili hufutika. Mpangilio unaotumika sana kwenye plagi, ukiishika kwa meno yake ya shaba kukutazama na kilimi chake kuwa nyuma, kutoka kushoto ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama jinsi jozi ya kijani inavyotenganishwa na kuikumbatia ya bluu. Fundi mwenye haraka huona mpangilio huo hauna mantiki, akaziweka jozi zote kwa kufuatana, upande huu na upande ule, akachomeka kipimio na taa zote nane zikawaka. Kipimio hicho cha bei nafuu hupima kama waya umefika tu. Hakijui kwamba nyaya namba 3 na 6 kutoka kushoto, ambazo husafirisha mazungumzo ya pamoja, sasa hazikusokotwa pamoja. Kwenye kebo fupi ya mita moja hutaona shida. Kwenye mita 22 juu ya dari, sambamba na nyaya za umeme, utaona intaneti inayokuja na kuondoka bila sababu. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya plagi, na ganda la nje liingie ndani ya plagi libanwe pamoja, la sivyo nyaya nyembamba ndizo zitakazobeba uzito siku mtu akijikwaa.

Nunua kebo ya shaba halisi. Madukani zipo za alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua waya kwa wembe, utaona weupe chini ya wekundu. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba.

Kama unataka kuvuta waya kutoka nyumba kubwa kwenda banda la uani au nyumba ya jirani, usivute kebo ya shaba hewani. Radi za masika huingiza umeme wa ghafla kwenye waya ulio nje, na nimeona ruta, swichi na televisheni zikiungua pamoja kwa tukio moja. Kati ya majengo mawili pitisha faiba, ambayo kioo chake hakipitishi umeme.

Usalama ni mfupi lakini si wa kupuuza, hasa viwanja vyetu vilivyobanana. Kwenye mipangilio ya ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, neno la siri liwe refu, na badilisha pia neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Zima WPS, ile njia ya kujiunga na waifai kwa kitufe au namba fupi bila kuandika neno la siri. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia, hivyo mvamizi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu kwa wingi wake badala ya mamilioni.

Tulipomaliza Tabata, chumba cha nyuma kilipima 47, na kompyuta ikaondoka juu ya ndoo. Siku chache baadaye mama akapiga simu. Umeme umekatika, sebuleni intaneti ipo, chumbani kwa mjukuu hakuna. Nilikuwa nimewawekea betri ndogo ya volti 12 inayolisha kisanduku cha faiba na ruta ya mbele, nikaisahau ruta ya nyuma. Nilirudi na jozi ya vigawanyishi vinavyopitisha umeme ndani ya kebo ileile, kwenye jozi za bluu na kahawia, na kuziachia data jozi mbili zilizobaki. Njia hiyo hushusha kikomo cha waya hadi megabiti 100 kwa sekunde, na kwa kifurushi cha 50 hilo halimpunguzii mtu kitu. Nilipima volti upande wa chumbani kwa kuwa umbali hupunguza umeme, nikapata 11.2, ruta ikawaka na kutulia. Sasa betri moja sebuleni inalisha vyote vitatu.