Chalenji ya fanfiki isiyomwacha mtu mikono mitupu

Ukitaka kujua kama chalenji ya fanfiki itafika salama, usitazame bango lake wala usiulize wamejisajili wangapi. Soma fomu yake ya usajili. Nimesimamia chalenji za kubadilishana hadithi kwa miaka kadhaa, na karibu kila ugomvi niliouona siku ya kupeana zawadi ulikuwa na mzizi kwenye fomu, wiki nyingi kabla mtu hajaandika sentensi ya kwanza.

Kwa wageni: fanfiki ni hadithi ambazo mashabiki huandika kuhusu wahusika wa kazi wanayoipenda, iwe kitabu, filamu, katuni au mchezo wa kompyuta. Kazi hiyo pamoja na mashabiki wake huitwa fandomu. Chalenji ni za namna nyingi. Kuna za drabo, yaani hadithi ya maneno 100 kamili, si 99 wala 101. Kuna za bingo, ambapo unapewa kadi ya mawazo na unaandika hadi ujaze mstari. Kuna Big Bang, za hadithi ndefu za maneno 10,000 au zaidi, ambapo wachoraji husoma muhtasari usio na jina la mwandishi kisha kila mmoja huchagua hadithi ya kuichorea. Zote hizo nazipenda. Ila mabadilishano ya zawadi ndiyo yanayohitaji kanuni imara kuliko zote, maana kila mshiriki anaomba hadithi na kila mshiriki anaahidi kuandika, na anayekuandikia wewe kwa kawaida siye unayemwandikia. Ni kama upatu: mmoja akitoroka, kuna mtu anayeumia.

Shule yangu kubwa imekuwa Yuletide. Mabadilishano haya ya kila mwaka yalianza 2003 kwa ajili ya fandomu ndogo, zile ambazo mashabiki wake huhangaika mwaka mzima bila kupata hadithi ya kusoma. Tangu 2009 yanaendeshwa kwenye Archive of Our Own, au AO3 kwa kifupi, hifadhi ya hadithi iliyojengwa na Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2007. Hadithi isipungue maneno 1,000. Zawadi hufunguliwa 25 Desemba, na majina ya waandishi hutajwa 1 Januari. Kanuni zake nyingine ni ndefu, na ukizisoma kwa makini utaona karibu zote zinamlinda mtu mmoja: yule ambaye angeweza kukosa zawadi.

Sasa tuingie kwenye fomu. Ina sehemu mbili, maombi na ahadi. Kwenye maombi unataja fandomu na wahusika unaotaka kuandikiwa. Kwenye ahadi unataja zile unazoweza kuziandika. Programu ya AO3 hupitia orodha zote mbili na kupanga nani amwandikie nani. Msimamizi ndiye anayeamua vitu gani lazima vilingane. Anaweza kudai fandomu moja tu ilingane, au fandomu pamoja na wahusika wote walioombwa. Kadiri unavyodai zaidi, ndivyo zawadi inavyomkaa mtu vizuri, na ndivyo watu wanavyokosa jozi kwa wingi. Kwa kundi dogo mimi hudai fandomu moja na mhusika mmoja, basi.

Hatari yenyewe ni hii. Watu wawili wameomba fandomu moja peke yake, na aliyeahidi kuiandika ni mmoja. Programu itampa mmoja wao. Wa pili hana wa kumwandikia, hata kama chalenji ina watu mia. Kwa hiyo nadai kila mshiriki aombe fandomu zisizopungua tatu, tatu tofauti, na aahidi nyingi kuliko anazoomba. Anayejaza fandomu ileile mara tatu kwa maneno tofauti ameomba moja. Kisha, siku mbili au tatu kabla ya kufunga usajili, natoa orodha ya fandomu zilizoombwa ambazo hakuna aliyeziahidi, bila kutaja nani aliziomba. Sijaona tangazo linalofanya kazi nzuri kuliko hilo. Watu wana moyo: akiona kuna mtu anangoja hadithi ya katuni aliyoitazama utotoni, atarudi kwenye fomu yake na kuiongeza. Wakati huohuo nawaandikia faraghani wale ambao maombi yao hayana mtu, ili wapanue uchaguzi wakati fomu bado iko wazi. Ukishafunga, umechelewa.

Jambo la pili ni kutenganisha kinachofunga na kisichofunga. Fomu zangu zina sanduku la Napenda na sanduku la Sitaki. Napenda ni dokezo: mwandishi anaweza kulifuata au kuliacha, naye mpokeaji hana haki ya kulalamika kwamba aliomba mvua na bahari akapewa mlima. Sitaki ni sheria. Mtu akiandika kwamba hataki kifo cha mtoto, hadithi yenye kifo cha mtoto haipokelewi kama zawadi yake, hata iwe nzuri namna gani. Sababu zake simuulizi, wala mwandishi asimuulize. Lakini Sitaki nayo ina mpaka. Lazima itaje kitu ambacho mwandishi anaweza kukiepuka. "Sitaki hadithi isiyo na harusi" ni amri iliyovaa nguo za katazo, nami huirudisha kwa mwenyewe airekebishe kabla sijapokea fomu yake. Hapa msimamizi asione haya. Ukiiacha ipite, mzigo ataubeba mwandishi asiyejua hata ilipitaje.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna mambo mawili ya ziada. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za AO3, lakini lugha haimo miongoni mwa vitu ambavyo programu huvilinganisha inapopanga jozi. Chalenji ikiruhusu lugha zaidi ya moja, ifanye lugha kuwa lebo ya lazima kwenye fomu, ili programu iilinganishe kama lebo nyingine. Vinginevyo mtu wa Lubumbashi anaweza kupangiwa mpokeaji asiyesoma Kiswahili hata kidogo. La pili ni idadi ya maneno. Kitenzi chetu kimoja humbeba mtenda, wakati na mtendewa kwa pamoja, kwa hiyo maneno 1,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kuliko maneno 1,000 ya Kiingereza. Nikichanganya lugha hizo mbili, kwa Kiswahili naweka kiwango cha chini cha maneno 700, na naona ni haki.

Tarehe ya mwisho isiwe saa sita usiku. Msomaji wa pwani aliyelelewa na hesabu ya siku inayoanza magharibi, ukimwambia usiku wa Jumamosi atafikiri ule unaoamkia Jumamosi, na mwenzake wa Toronto atafikiri ule unaofuata. Chagua saa ya mchana na uitaje kwa miji. Saa tatu asubuhi kwa UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, ni saa tano asubuhi Bujumbura, saa sita mchana Nairobi na Dar es Salaam, saa saba mchana Muscat. Andika hivyohivyo kwenye kanuni.

Kuna watakaoshindwa kuandika. Wanaugua, wanafiwa, mitihani inawabana. Weka tarehe ya kujitoa kwa heshima, wiki moja au zaidi kabla ya mwisho, na useme waziwazi kwamba anayejitoa kabla yake yuko huru kushiriki tena mwaka ujao. Mtu akihofia adhabu atanyamaza, na ukimya wake ndio unaokuua, kwa sababu waandishi wa akiba, wanaoandika badala ya waliojitoa, wanahitaji muda. Hao wa akiba waorodheshe mapema, tangu siku ya usajili, na kila nafasi ikitokea watumie ombi zima, Sitaki ikiwa mbele. Chalenji zangu zingekufa zamani bila watu hawa wanaoandika hadithi nzima kwa siku tano kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Wataje wote kwa jina siku majina yanapofunguliwa.

Hadithi zikishaingia, fungua kila moja mwenyewe. Programu haitakuambia kwamba Sitaki imevunjwa au kwamba hadithi imekatika katikati. Na kama kuna hata mshiriki mmoja ambaye zawadi yake haijafika, mimi sifungui mkusanyo wa zawadi. Naahirisha kwa siku moja au mbili, nawaandikia washiriki wote saa mpya kwa miji yao, kisha narudi kwa waandishi wa akiba.