Fremu ya plastiki siyo inayoletwa mezani kwangu

Mteja aliniwekea bastola yake mezani, akaisogeza kwa ncha ya kidole. "Fundi, plastiki hii itanifia mkononi siku moja." Alikuwa nayo miezi miwili, na kila akimaliza magazini, kile kikasha cha risasi, lazima ikwame mara moja au mbili. Niliifungua, nikaisafisha, nikapima springi, sikuona kasoro. Tukaenda uwanja wa shabaha. Kwangu ilimaliza magazini tatu bila kusita. Kwake ilikwama risasi ya tano.

Aliniangalia kama niliyemfanyia kiinimacho.

Bastola inayojipakia yenyewe hufanya kazi kwa nguvu ya risasi ile ile inayotoka. Msukumo wake hutupa nyuma slaidi, kipande cha juu kinachoteleza, ganda tupu linarushwa nje, kisha springi inairudisha slaidi mbele ikiokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Ili safari hiyo ikamilike, fremu iliyo chini yake, yaani kiwiliwili chenye mpini, lazima itulie. Bastola yenye fremu ya metali husaidiwa na uzito wake: Beretta 92 ikiwa tupu inazidi gramu 900. Glock 17, yenye fremu ya plastiki, iko kwenye gramu 630 hivi. Hizo gramu zilizopungua, kifundo cha mkono wako ndicho kinachozilipa. Kikilegea, fremu inakimbilia nyuma pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho, na ganda linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima kama bomba la moshi. Ukiona ganda limesimama hivyo, kagua mshiko wako kabla ya kuilaumu bastola.

Wasiwasi wa plastiki ni wa zamani. Heckler & Koch wa Ujerumani walitoa bastola yenye fremu ya polima, VP70, mwaka 1970, lakini watu wengi waliizoea dhana hiyo baada ya jeshi la Austria kuichukua Glock 17 mwaka 1982. Mwenye kiwanda, Gaston Glock, hakuwa mtu wa silaha. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza fimbo za mapazia, visu na sepetu za askari. Labda ndiyo maana hakuona aibu kutumia plastiki. Baadaye ukazuka uvumi kwamba bastola hii inapita kwenye mitambo ya ukaguzi viwanja vya ndege bila kuonekana. Mtutu, slaidi, springi na pini ya kupigia ni chuma, na ndani ya fremu yenyewe kuna reli za chuma ambazo slaidi hutelezea. Mtambo ukishindwa kuona chuma chote hicho, basi mtambo ndio wa kupelekwa kwa fundi.

Fremu iliyopasuka nimeshika moja tu. Mwenyewe alijaza risasi zake nyumbani, na moja akaitia baruti mara mbili. Magazini ilisukumwa nje kwa chini, ubavu wa fremu ukachanika. Chuma kingetoka salama katika tukio lile? Sina hakika. Mkono wake ulivimba, vidole vikabaki vyote.

Kinachonijia kila wiki ni mafuta. Mtu aliyerithi tabia ya kulowesha bunduki ya chuma ili isishike kutu huimwagia bastola hii mpaka inatiririka. Mafuta huingia kwenye njia ya pini ya kupigia, yanachanganyika na masizi ya baruti na chembe za shaba, yanakuwa uji mzito. Pini inatembea kwa uvivu, inaigusa fataki ya risasi bila kuivunja, na mwenyewe anasema risasi ni mbovu. Njia ile inatakiwa iwe kavu kabisa. Kwingine, matone machache kwenye reli na juu ya mtutu yanatosha.

Vinavyochakaa ni springi ya slaidi na springi za magazini. Vilengeo vya plastiki vinavyokuja na bastola nyingi za aina hii navyo huliwa kingo kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba. Weka vya chuma mapema.

Halafu kuna kina kaka wanaochoma mshiko kwa pasi ya kulehemu ili ukamate vizuri kwenye jasho. Wengine wana mkono wa msanii. Wengi huniletea kitu kinachofanana na mshumaa ulioyeyuka, wakiuliza kama naweza kukirudisha. Siwezi. Polima iliyoungua haifutiki, na dhamana ya kiwanda imekwenda nayo.

Jambo linaloninyima usingizi, hata hivyo, ni kifyatulio. Aliyezoea bastola yenye nyundo na loki ya pembeni huuliza loki ya hii iko wapi. Kwenye Glock ziko tatu, zote zinajifungua zenyewe: ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini, na kizuizi cha kuzuia isilipuke ikianguka. Hakuna hata moja inayojua kama kilichovuta kifyatulio ni kidole chako, ufunguo, au kamba ya jaketi. Kwa hiyo mkoba mgumu unaofunika sehemu yote ya kifyatulio si pambo. Nikiona mtu ameichomeka kiunoni bila mkoba, huwa namwomba aitoe kabla hatujasalimiana.

Na ili kuifungua Glock kwa usafi, lazima kwanza uvute kifyatulio. Hapo ndipo watu hutoboa makabati. Kosa huwa moja: wanavuta slaidi kwanza, risasi inaruka nje, wanaridhika, kisha wanatoa magazini. Wamesahau kwamba slaidi iliporudi mbele ilibeba nyingine. Mpangilio ni magazini nje kwanza. Kisha vuta slaidi, mara mbili au tatu. Kisha ifunge nyuma uangalie chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho, na baada ya macho, ingiza kidole kidogo upapase, maana macho yaliyochoka huona yanachotarajia. Elekeza mtutu mahali salama hata baada ya hayo yote. Risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Mzee mmoja aliniambia haya ni mambo ya wanafunzi. Yeye na mimi tunajua kabati lake lina tundu.

Yule mteja wa kwanza nilimpa mazoezi ya wiki tatu: mkono ukae juu kabisa, karibu na slaidi, kifundo kikaze, mkono wa pili uzibe pengo lililobaki. Aliporudi alikuwa amepiga risasi 150, imekwama mara moja. Nikamwomba anionyeshe magazini iliyohusika. Ilikuwa imeangukia sakafu ya saruji, midomo yake imepinda. Nikamwambia aitupe. Hakuitupa. Ameichora alama ya X kwa rangi nyekundu, na huichanganya na nzima anapofanya mazoezi, ili asijue itakwama lini.