Sefti ya Bastola: Yanayoaminika na Ukweli Wenyewe

Kuhusu sefti, yaani kizuizi cha bastola isifyatuke ovyo, ninaloliogopa kuliko yote ni hili, "nimeshatoa magazini, haina kitu." Jamani hapana. Magazini ni kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Bastola ya semi-otomatiki ukishaikoki, yaani ukivuta nyuma slaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza) na kuiachia, risasi ya juu inatoka kwenye magazini inaingia chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, na ukichomoa magazini ile ya chemba inabaki palepale inasubiri triga tu. Ziko chache ambazo bila magazini hazifyatuki, mfano Browning Hi-Power ya 1935 iliwekewa kizuizi hicho kwa sababu Ufaransa walikuwa wanatafuta bastola ya jeshi na hilo lilikuwa sharti lao, lakini Glock haina, Makarov haina, Tokarev haina, kwa hiyo mtu aliyezoea aina moja akishika nyingine anajiona yuko salama kumbe ameshika kifo.

Na mpangilio una maana yake. Magazini inatoka kwanza, ndo unavuta slaidi nyuma risasi ya chemba iruke nje, unaishikilia slaidi wazi, unaangalia kwa macho na kupapasa chemba kwa ncha ya kidole, hasa kama ni gizani. Ukianza na slaidi magazini ikiwa bado ndani umetoa moja na kuingiza nyingine, afu unachomoa magazini ukiamini umemaliza kazi. Kwa Glock hili ni zito zaidi, maana ili uifungue uisafishe ni lazima ubonyeze triga kwanza, yaani ukikosea kukagua chemba basi utafyatua risasi ukiwa umekaa mezani na kitambaa chako cha kusafishia.

"Glock haina sefti." Hii nayo nimeisikia sana, hata kwa watu wanaomiliki. Haina ile swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, hilo ni kweli, ila tangu jeshi la Austria liichukue mwaka 1982 inakuja na sefti tatu za ndani: kile kiulimi katikati ya triga ambacho kisipobonyezwa triga hairudi nyuma, kizuizi kinachokaa kwenye njia ya pini (kile chuma kinachogonga risasi) isiguse risasi, na ya tatu inayoishika pini isiachie kwa mtikisiko. Zote zinafunguka zenyewe unapovuta triga na zinarudi ukiachia. Sasa hapo ndo pa kuelewa vizuri, sefti hizo zinazuia bastola isifyatuke bila triga kuguswa, hazijui triga imeguswa na nini. Kidole, funguo za gari mfukoni, kamba ya jaketi, kwake vyote ni sawa. Ndo maana bastola ya hivi haiwekwi kiunoni tupu tupu wala kwenye pochi pamoja na vitu vingine, inataka mkoba mgumu unaofunika triga yote.

Kuna hili la rangi. Mtu anaona kidoti chekundu anadhani nyekundu ni kusimama kama taa za barabarani, hivyo bastola imefungwa. Ni kinyume kabisa! Kwenye Makarov na Beretta 92 kidoti chekundu kikionekana maana yake iko tayari kufyatua. Na usidhani swichi zote zinaelekea upande mmoja: Makarov ukipandisha juu umefunga, ukishusha umefungua, Beretta 92 ni kinyume chake, kushusha ndo kufunga. Zote mbili swichi iko kwenye slaidi, kwa haraka zinafanana, na kidole kilichozoea moja kinafanya kosa kwenye nyingine bila hata mwenyewe kuwaza. Kwa hiyo bastola usiyoijua usikisie, muulize mwenye nayo au usiishike.

Ceska ni bastola za CZ za Czech, ambazo Kenya zinatajwa sana kwenye habari za polisi; CZ 75 ya kawaida sefti yake inakubali kufunga pale tu nyundo (kile chuma cha nyuma kinachoipiga pini) ikiwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma. Wengi wanadhani kuishusha nyundo ndo kuifanya salama, wanaishikilia kwa gumba huku wanavuta triga taratibu na risasi iko chemba, gumba likiteleza imefyatuka. Zile CZ zenye swichi ya kushushia nyundo zilitengenezwa kwa sababu hiyo. Tokarev TT-33 ya asili ndo haina swichi kabisa, ina kile kituo cha nusu cha nyundo, yaani nyundo inasimama katikati ya safari yake, ambacho si cha kukiamini.

Kudondoka je? Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi cha pini, hivyo ile ya sinema kwamba ikigusa sakafu lazima ilipuke si kweli, ila za zamani zinaweza, na hata mpya si malaika, mwaka 2017 SIG Sauer walianza kurekebisha P320 bure baada ya vipimo kuonyesha inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Kikubwa ni hiki, ikikuponyoka iache ianguke! Ukiidaka hewani kidole kinaenda kwenye triga chenyewe.

Afu semi-otomatiki haimaanishi ukishika triga inamimina, ni vuta moja risasi moja, mpaka uachie ndo uvute tena.

La watoto sitaki kulipita haraka. "Nimeweka sefti na iko juu ya kabati, hafikii." Mtoto anapanda kiti. Swichi ya sefti anaisukuma akicheza, na triga ya kama kilo mbili na nusu ikimshinda kwa kidole kimoja anaigeuza bastola imwelekee yeye na kusukuma kwa gumba zote mbili. Hakuna sefti iliyotengenezwa kushindana na hilo. Iwe tupu, ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi zikae sehemu nyingine yenye kufuli yake, na funguo usiziache kwenye droo ambayo nyumba nzima inaijua. Kama una ile kufuli ya waya, ipitishe kwenye tundu la kutolea maganda itokee tundu la magazini, slaidi haitafunga kabisa na hata ukiwa mlangoni utaona kwamba iko wazi.