Vuli ya simu na vuli ya Moshi

Jumamosi iliyopita mtoto wa jirani alinijia na fimbo mpya ya kuvulia samaki, rili mpya ya kukunjia kamba na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Vuli imeingia, tunapanda mtoni lini? Nimesoma kwamba trauti, wale samaki wa mito ya baridi, wanauma ndoano sana wakati wa vuli."

Marahaba. Ni wa nne tangu Oktoba ianze, na wote wamekunywa kisima kimoja: makala ya Kiingereza iliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Mashine ikikutana na yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika, inaandika "vuli" na kuendelea na safari. Wengine huandika "demani", ambayo ni ya mabaharia. Hao angalau wamepotelea baharini.

Majira yale ya wenzetu yanaanza Septemba. Joto linashuka, siku zinafupika, mto uliochoka kwa kiangazi unapata mvua na ubaridi kwa mkupuo. Trauti wa kahawia anakaribia kutaga, basi anakula kama mtu anayeiona Kwaresima mlangoni. Vuli yetu ina mvua tu, ubaridi haumo. Ubaridi wa Moshi ni Juni hadi Agosti, wingu likikaa juu ya mji na kina mama wa Mbuyuni wakiuza ndizi wamevaa makoti. Ikifika Novemba joto linapanda kuelekea Januari. Yaani ushauri ule ukiufuata kwa herufi, unakwenda mtoni wakati kila kitu kinaelekea upande wa pili.

Halafu mwanga, maana samaki hujua wakati wa kutaga kwa urefu wa siku. London, siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kuliko zote kwa karibu saa 9. Moshi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta. Tofauti yetu ni kama dakika 23. Samaki wa kule anapewa taarifa, wa kwetu ananong'onezwa. Zaidi ya hapo, trauti ninaoshika mimi ni wale wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni mito ya Amerika Kaskazini inayomwaga Pasifiki, na huko kwao hutaga majira ya kuchipua, si ya kupukutika. Hapa nimeshika jike mwenye mayai Juni, na mwingine Septemba, mto uleule. Vitabu vina kanuni, mimi nina daftari lililochafuka.

Kwa hiyo nauliza maji, siulizi mwezi. Trauti anajisikia vizuri kwenye nyuzi 12 mpaka 16. Yakivuka 20 anaanza kuteseka, na ukimshika hapo, hata ukimrudisha majini kwa upole wote, huenda umemuua. Maji ya nyuzi 10 usawa wa bahari hubeba miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9. Sisi tunavua juu ya mita 1,700, ambako hewa yenyewe ni pungufu, kwa hiyo punguza tena kama moja ya tano. (Na kabla hujauliza: hapana, mto hauishi kwa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Unaishi kwa mvua ya msituni.)

Sasa jambo linaloniudhi kuliko tafsiri. Mwisho wa kiangazi, kabla vuli haijashika, mifongo, mifereji ya Wachaga, inavuta maji kwenda kwenye migomba, na ni haki yao, watu wale kwanza. Kinachobaki mtoni ni chembamba, cheupe, na samaki anakuona ukiwa bado unafunga kamba za viatu. Wakati huohuo kahawa inavunwa, na yale maji ya kumenyea yakimwagwa mtoni yanaoza na kunyonya oksijeni. Ukisikia harufu ya uchachu, geuza ukapande juu zaidi. Ila ukivuka mpaka wa hifadhi, huo si uvuvi tena, ni kesi.

Mvua ya kwanza ya vuli nayo inaleta vumbi la miezi mitatu. Mto unakuwa uji wa ulezi. Baki nyumbani. Lakini siku ya pili au ya tatu, maji yakianza kushuka na kupata rangi ya chai ya rangi, hapo nenda, nenda mbio! Samaki anasogea kingoni kuokota minyoo na wadudu waliosombwa, na hakuoni. Mimi nina jiwe langu la alama. Likitokeza kichwa, nashuka. Dirisha hilo ni la saa chache, pengine siku moja, kisha mvua nyingine. Vuli nzuri hunipa madirisha matatu, manne. Jina la mto usiniulize, nimeshawahi kuponzwa na mdomo.

Kuhusu nzi, yaani chambo bandia kinachofungwa kwa uzi na manyoya: mweusi, mdogo, wa kuzama, basi. Nina visanduku vitatu vya nzi na kwa miaka mingi nimevua na wawili tu. Siwezi kuapa kwamba rangi ina maana kwa samaki. Kwa mfukoni mwangu inayo.

Kijana nilimwambia aache fimbo kwanza, aje na gambuti na kipimajoto. Alininunia, lakini jana amerudi nacho. Ni cha kupimia homa. Kinaanzia nyuzi 35.